Nani Alimwachia Karama? Kusadikika na Sauti ya Upinzani Bungeni

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Katika semina moja ya uhakiki mwenzetu alitoa mada kuhusu Kusadikika ya Shaaban Robert, akahitimisha kama tulivyozoea kuhitimisha sote: kwamba kitabu ni fumbo juu ya ukoloni, kwamba Karama ni mwananchi mdai haki, Majivuno ni mtawala dhalimu, na kwamba udhaifu wa mtunzi ni kuamini kuwa maneno mazuri yanatosha kubadili jamii. Tukapiga makofi. Mie nikanyoosha mkono nikauliza: nani alimwachia Karama? Mwenzetu akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la mji tuliomo. "Mfalme," akasema. "Si ndio mwisho wa hadithi?"

Ndio. Lakini nilikuwa na langu, na kwa kuwa mwalimu alikwishaanza kutazama saa, nimeona niliandike. Wanaotafuta tamathali na takriri humu watanisamehe. Ninachokieleza ni historia zaidi kuliko fani, na sehemu kubwa yake nimeipata juu ya baraza la nyumba ya babu yangu, Pangani, miaka mingi kabla sijajua kuwa kuna kitu kinaitwa uhakiki.

Kwa asiyeufahamu, Pangani ni mji mdogo uliokaa pale mto unapomwaga maji baharini, kusini ya Tanga. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na kwa miaka yote ya utoto wangu tulivuka kwa pantoni. Ikiharibika, kwa mtumbwi. Ukingoni kuna majengo ya zamani, boma na forodha, yamekula chumvi hadi mawe yanaonekana. Nyuma ya mji ni minazi, na nyuma ya minazi ni mkonge. Babu alikuwa karani wa mizani kwenye shamba moja la mkonge: kazi yake ilikuwa kusimama penye mizani, robota linapita, anasoma uzito, anatia alama ya penseli daftarini. Robota lisilotiwa alama halijapimwa, na lisilopimwa halipo. Naomba msomaji aikumbuke alama hiyo.

Pangani ina kumbukumbu yake juu ya mahali ambapo hakuna pa kusemea. Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe mjini. Liwali Abdulgawi bin Abdallah, aliyewekwa na Sultani wa Unguja, akakataa. Hapakuwa na majadiliano. Zelewski aliita askari wa manowari, na katika kumsaka liwali wakaingia msikitini na mbwa, siku za Idi. Kabla ya mwezi uliofuata kwisha, mwambao ulikuwa vitani. Bushiri bin Salim aliongoza vita vile hadi akakamatwa, akanyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia vita ile utenzi ambao tunausoma hadi leo darasani. (Zelewski huyo ndiye yule aliyeuawa na Wahehe kule Lugalo mwaka 1891. Wazee wa kwetu hawachoki kuliongeza hilo, nami siwezi kuliacha.)

Nimeitaja 1888 kwa sababu moja tu. Liwali alikuwa na hoja, tena hoja nzuri ya kisheria: mwenye amri ni aliyeniweka, kamuulizeni Unguja. Kilichokosekana ni kikao cha kuisikiliza. Palipokosekana kikao, bunduki ndizo zilizosema.

Sasa tuje kwa Shaaban Robert. Huyu tunamhesabu mtu wa Tanga, kwani alizaliwa Vibambani mwaka 1909 na akafia Tanga Juni 1962. Lakini sisi wa Pangani nasi tunamdai kidogo. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha kwenye bandari mbalimbali za mwambao, na Pangani ilikuwa mojawapo. Babu akidai kuwa alipokuwa mtoto alimwona, amevaa kanzu safi, akitembea taratibu kutoka forodhani. Sikuwahi kujua kama ni kweli. Babu pia alidai kumwona nguva.

Angalia hiyo 1926. Mwaka uleule kijana Shaaban alipoingia kwenye utumishi wa forodha, Tanganyika ilipata Baraza lake la kwanza la Kutunga Sheria. Lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 1926, chini ya Gavana Donald Cameron. Halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao walikuwa wawili, machifu wote, Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Usukuma, tena kwa kuteuliwa. Na jambo ambalo naona wahakiki wetu wamelipita mbio ni hili: aliyekalia kiti cha mbele katika Baraza hilo hakuwa Spika. Alikuwa Gavana mwenyewe. Aliyeleta muswada ni serikali yake, aliyeongoza mjadala ni yeye, na aliyetia saini ni yeye. Spika alipatikana mwaka 1953. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951.

Basi hebu tukisome kitabu tukiwa na tarehe hizo mkononi. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu uanasheria. Si wizi, si uasi wa silaha: ni kufundisha sheria. Anasimama mbele ya baraza, mfalme yuko kitini, madiwani wamekaa, mshtaki ni waziri wa huyo mfalme. Tumezoea kuiita hali hiyo mahakama. Mie nasema ni Baraza la Kutunga Sheria kama lilivyokuwa siku zile mtunzi anaandika, ambamo mkuu wa serikali ndiye mwenye kiti. Shaaban Robert hakuwa na haja ya kwenda mbinguni kulitafuta. Tofauti ni kwamba katika lile la Tanganyika mtu wa namna ya Karama hakuwa na mahali pa kusimama, kwa hiyo mtunzi akamwingiza kwa mlango pekee uliokuwa wazi kwa mtu mnyonge kuingia kwenye jumba la wakubwa: mlango wa mshtakiwa.

Na Karama anapopewa nafasi hafanyi tunachofanya sisi tunaposhtakiwa. Hajitetei. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande sita, hadi mbinguni na ardhini, wakatafute yenye manufaa kwa Kusadikika. Kila mmoja anapata taabu, anaona nchi za wengine zinavyoendeshwa, anarudi na habari njema. Na kila mmoja anaporudi anatiwa gerezani. Mmoja, wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Msomaji anachoka, na nadhani alikusudiwa achoke. Wenzangu wameiita mbinu hii urudiaji usio na sababu. Kwangu ni daftari. Karama anaingiza kwenye kumbukumbu za baraza mizigo sita ambayo baraza lenyewe liliificha. Sidai kwamba mtunzi aliipata hiyo kwenye kaunta ya forodha, lakini mtu aliyekaa miaka kumi na minane akiandika kila kinachopita bandarini anajua nguvu ya kitu kilichoandikwa.

Kisha mfalme anatoa hukumu: Karama aachiwe, na wale sita wafunguliwe. Hapo ndipo wahakiki wa mkondo wa Kimarx, tangu miaka ya sabini, wamekuwa wakimrushia mzee wetu lawama ya udhanifu: ati mtawala hageuki kwa hotuba. Lawama hiyo siikatai, ila naona imeelekezwa pasipo pake. Tatizo si kwamba mfalme amegeuka. Watawala hugeuka, historia imejaa mifano, na nitautoa mmoja. Tatizo ni kwamba baraza halikugeuka. Uamuzi uliompa Karama uhai haukutoka mikononi mwa madiwani. Umetoka kitini.

Mfano wenyewe ni huu, na ndio uliofanya ninyooshe mkono siku ile ya semina.

Agosti 2007 nilikuwa darasa la tano. Nyumba ya babu ilikuwa na baraza la mawe kama nyumba nyingi za kwetu, na alasiri wazee walikutana hapo kwa kahawa chungu na kashata, na redio ya betri nne iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kwa kuwa kifuniko kilikwishapotea. Walisikiliza taarifa ya habari, mpira, mawaidha, na wakati wa Bunge walisikiliza Bunge. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha kahawa na kukaa kimya.

Bungeni Dodoma kulikuwa na mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, wa CHADEMA. Aliingia Bungeni baada ya uchaguzi wa Desemba 2005, akiwa na miaka 29. Alisimama akasema kwamba Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, ametia saini mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kule Kahama, tena ameutilia saini London, wakati Rais alikwishaagiza mikataba ya madini ipitiwe upya. Akaomba Bunge liunde kamati teule ichunguze. Waziri akakanusha kwamba kuna kosa. Mjadala ukageuka. Hoja ya kuchunguza mkataba ikawekwa kando, ikaja hoja ya kumchunguza aliyeleta hoja: kwamba amesema uongo mbele ya Bunge. Wabunge wengi wakakubali. Akasimamishwa hadi Januari 2008.

Kwenye baraza la babu kulikuwa na vyama viwili kama Dodoma. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wa CCM tangu haijaitwa CCM, alisema ni haki. "Bunge lina kanuni, bwana. Huwezi kumtaja mtu kwa ubaya kisha ukakaa. Thibitisha au ufute."

Fundi wa mashua, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mtu akisema mashua inavuja, humtosi baharini. Unatia mkono ndani ya ngama."

"Na kama haivuji, Fundi? Abiria wameshashikwa na hofu, nahodha keshavunjiwa heshima. Asiwajibike?"

"Ajibike kwa lipi na ngama hujaitazama?"

Babu aliweka kikombe chini. "Mwalimu, huyu kijana hakusema mashua inazama. Kasema mtu apelekwe akatie mkono. Kauliza, wakamjibu adhabu."

Mwalimu alisema babu amekuwa mpinzani. Babu akasema yeye ni karani. Wakacheka, kahawa ikaongezwa, na mie nikalishika lile neno bila kulielewa.

Leo ninalielewa kwa kiasi. Na lazima nimtendee haki Mwalimu, kwa sababu alikuwa na jambo. Kanuni inayomtaka mbunge athibitishe asemayo si ya kipuuzi. Kiti cha bunge kina kinga: yasemwayo ndani hayashtakiwi nje. Bila kanuni hiyo kinga ingekuwa ruhusa ya kumchafua yeyote. Lakini tazama inavyofanya kazi pale mwenye nyaraka ni serikali, na mwenye kutaka kuziona ni mpinzani. Mikataba ya madini siku zile haikuwekwa mezani pa Bunge. Unatakiwa uthibitishe kilichomo ndani ya kasha, na ufunguo wa kasha anao unayemtuhumu. Ombi la kamati teule ni ombi la ufunguo. Kulijibu kwa "thibitisha kwanza" ni kuzunguka mbuyu.

Ndiyo maana nasema wenzangu wanapomfananisha mbunge wa upinzani na Karama wanakosea kidogo. Yule wa 2007 hakuwa Karama. Alikuwa mmojawapo wa wale sita: ametumwa na watu wake, amekwenda, amerudi na habari, habari yenyewe ya mambo yaliyofanyika nchi ya mbali, amefungiwa mlango. Kazi ya Karama, yaani ile ya kuisimulia habari upya mahali itakapoandikwa, ilifanywa na wengine. Vyama vya upinzani viliitoa hoja Bungeni vikaipeleka viwanjani. Tarehe 15 Septemba 2007, Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa Karatu, alisoma hadharani orodha ya majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Neno lenyewe "ufisadi", ambalo mimi kabla ya hapo nililijua kwa maana ya uzinzi tu, likabadili maana masikioni mwangu mwaka ule.

Na sasa sikiliza mwisho wa hadithi. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia mikataba na sekta nzima ya madini, mwenyekiti Jaji Mark Bomani. Miongoni mwa wajumbe aliowateua ni Zitto Kabwe, ambaye bado alikuwa nje ya Bunge kwa adhabu. Kamati ilimaliza kazi mwaka 2008, na sehemu ya mapendekezo yake iliingia katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010, ambayo ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, tena ukikokotolewa kwenye thamani ghafi. (Mwaka 2017 ukapanda tena hadi 6.)

Nani alimwachia Karama? Mfalme. Bunge lilifunga, kiti cha Rais kikafungua. Shaaban Robert aliiandika 1951 na tukamwita mdhanifu; ikatokea 2007 mbele ya macho yetu na tukaiita siasa.

Ningeishia hapo ningekuwa na makala safi, lakini nisingekuwa mkweli. Mwezi uleule wa Novemba 2007, Bunge lilelile, chini ya Spika yuleyule Samuel Sitta, mwenye msemo wa kasi na viwango, liliunda kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Kile alichonyimwa mpinzani mwezi Agosti juu ya dhahabu kilipatikana miezi mitatu baadaye juu ya umeme. Mwenyekiti wa kamati, Dk. Harrison Mwakyembe, alikuwa mbunge wa CCM. Taarifa yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri wawili wakajiuzulu pamoja naye, Ibrahim Msabaha na huyohuyo Karamagi. Kwa hiyo baraza linaweza. Madiwani wanaweza kutia mkono ndani ya ngama bila kumsubiri mfalme. Kwa nini liliweza Novemba na lisiweze Agosti? Jibu rahisi ni kwamba Novemba hoja haikuwa ya mpinzani tena. Nadhani ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba kati ya Agosti na Novemba yalitokea mambo ya Mwembe Yanga, na mabaraza kama la babu yakawa yanasikiliza kwa namna nyingine. Aliyetiwa aibu mara moja mbele ya watu hujihadhari mara ya pili.

Historia ya nyuma haina mengi ya kutufariji. Nyerere mwenyewe aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akajiuzulu Desemba ya mwaka huohuo baada ya kuona anayoyadai yanakataliwa. Aliingia kwa barua ya Gavana, akatoka kwa barua yake mwenyewe, na hakuna aliyemwita mhaini kwa hilo. Uchaguzi wa 1960 ulikuwa na viti 71. TANU ilichukua 70, na kile kimoja cha Mbulu kilikwenda kwa Herman Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi ingawa naye alikuwa mwana-TANU. Kwa maneno mengine tuliingia uhuru na upinzani wa mtu mmoja ambaye hakuwa mpinzani. Mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria. Sauti ya kupinga haikufa, ilihamia ndani ya chama, na huko nako ilikuwa na bei: Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, akiwamo Joseph Kasella-Bantu, na aliyepoteza kadi alipoteza kiti. Vyama vingi vikarudi Julai 1992. Katika Bunge la 1995, kati ya viti 232 vya majimbo, CUF ilipata 24, NCCR-Mageuzi 16, CHADEMA na UDP vitatu vitatu. Vilivyobaki 186 vilikuwa vya CCM. Fanya hesabu mwenyewe. Hakuna kura ambayo mpinzani angeweza kushinda, na hapajatokea Bunge ambamo angeweza.

Basi mtu anayejua atashindwa kila kura anasimama kwa ajili ya nini? Swali hili halikunijia kwenye vitabu. Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Katika baraza la wanafunzi nilisimama nikauliza fedha za chakula zinakwenda wapi, maana maharage yalikuwa na wadudu kuliko maharage. Nikaulizwa: una ushahidi? Nilikuwa na wale wadudu, nimewafunga kwenye karatasi ya daftari, lakini hawakuhesabika. Nilirudishwa nyumbani wiki mbili nikamlete mzazi. Wenzangu walionipigia makofi usiku bwenini walitazama chini mchana. Siwalaumu, na mie ningetazama chini.

Nilifika Pangani na basi la jioni nikiwa nimeandaa maelezo njia nzima. "Shikamoo babu." "Marahaba. Umefukuzwa?" Habari ilikwishafika. Nikamweleza. Aliuliza swali moja tu, ambalo sikulitegemea: "Yaliandikwa?" Nikasema sijui. "Katibu wa baraza aliandika ulilosema, au aliandika kwamba umeleta fujo?" Sikujua. Babu akasikitika kuliko alivyosikitika kwa adhabu yenyewe. Nilipompeleka shuleni kama mzazi, mzee wa miaka themanini na fimbo yake, aliwasikiliza hadi mwisho, akaomba radhi kwa niaba yangu, kisha kwa adabu zote akaomba kuoneshwa kitabu cha mihtasari. Wakasema kiko kwa mtu aliyesafiri.

Tangu hapo nimeacha kumpima mpinzani kwa kura. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge zinaandika kila neno, la aliyeshinda na la aliyeshindwa, kwa herufi za ukubwa uleule. Maneno ya Buzwagi yamo humo pamoja na adhabu yake, na mwanafunzi yeyote anaweza kuyasoma, kisha akasoma mrabaha wa 2010 na akapima mwenyewe. Lakini kuandikwa bila kusikika ni nusu. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba shirika la utangazaji la taifa halitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Kilichobaki wakati ule kilikuwa kipindi cha maswali na muhtasari wa usiku. Wabunge wa upinzani walipinga humohumo Bungeni. Majadiliano yanaendelea kuandikwa, nakubali. Ila lile baraza la mawe, ambapo mwalimu wa CCM na fundi wa mashua walisikia neno lilelile kwa wakati mmoja kutoka kinywa kilekile wakagombana juu yake, lilihitaji redio, si maktaba. Muhtasari ukikufikia umeshapita mikononi mwa mtu.

Nimalizie na nakala ya Kusadikika. Babu alikuwa nayo ya zamani, haina jalada, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Alipofariki nilipewa mimi kwa kuwa ndiye "wa vitabu". Nilipoisoma kwa ajili ya semina niliona kitu ambacho utotoni sikukitilia maanani: alama za penseli pembeni. Ni zile za mizani, kistari kimoja cha mshazari, kama alivyokuwa akitia daftarini robota linapopita. Iko moja mwisho wa habari ya kila mjumbe, kuanzia Buruhani hadi Amini. Sita. Kwenye kurasa za mwisho, pale mfalme anapotoa hukumu yake njema, hakuna alama.

Niliwahi kumuuliza kuhusu ukurasa huo, nilipokuwa kwenye zile wiki mbili za adhabu. Nilidhani amesahau. Alivaa miwani, akautazama, akanirudishia kitabu.

"Hiyo haikupita kwenye mizani," alisema. "Kaitoa mwenyewe."